Nilisali, Kisha Nikamfuata Shahidi

Tangu nirudi, kila anayepita uani kwangu hapa Katindiuka huanza kwa salamu na kuishia na swali lile lile: ilikuwaje huko? Nimesimulia mpaka majani ya chai yameniishia ndani. Basi naandika mara moja. Anayejua kusoma asome, amsomee na jirani yake, na wale walionicheka siku naondoka wasome mara mbili.

Habari za kufungua kesi sitazieleza, zinachosha. Itoshe kujua kwamba mimi na marehemu mume wangu, Anselmi, tulifyeka shamba la mpunga kule Mbingu tukiwa bado vijana, wakati pale palikuwa pori na nyati wakipita. Mdogo wake Anselmi, shemeji yangu Deogratias, alifyeka lake pembeni ya letu, mfereji katikati. Baadaye tulihamia Katindiuka ili watoto wasome, lakini kila msimu tulikwenda kulima. Anselmi alipofariki, Deogratias alingoja arobaini ipite, akaingiza watu wake shambani. Nilipouliza, akasema shamba lote ni lake, yeye alimwazima kaka yake tu. Nikaenda mahakamani.

Hapo ndipo nilipokosana na jumuiya yetu. Mama Felista, mwenyekiti, ambaye ni rafiki yangu na hata baada ya haya bado ni rafiki yangu, aliniambia mbele ya wote tukiwa tumemaliza rozari: "Mama Agata, mwachie Mungu. Mkristo hampeleki Mkristo mwenzake mahakamani. Shemeji yako ni kiongozi wa kanisa kule Mbingu. Hii ni aibu yetu sote."

"Nimemwachia Mungu tangu siku ya mazishi," nikamjibu. "Hajaniambia nikae nyumbani."

"Huna imani."

"Mama Felista, mimi nasali kila jioni, na kila jioni nikimaliza kusali nafunga mlango kwa kufuli. Na wewe unafunga. Padri naye anafunga. Sijasikia kufuli likihubiriwa kuwa dhambi."

Wengine walicheka, wengine waliguna. Mimi sikucheka, kwa sababu hakimu alikwisha kuniambia kwamba Jumatatu inayofuata anataka mtu aliyeona kwa macho yake shamba lilikuwa la nani. Nisipomleta, ataamua kwa yaliyopo mezani, na mezani palikuwa na neno langu dhidi ya neno la kiongozi wa kanisa. Majirani wa shamba niliwauliza wote. Mmoja amekufa, wengine ni wakwe wa Deogratias au waimbaji wa kwaya yake, na wote waliniambia hawaingilii mambo ya ndugu. Akabaki mtu mmoja tu, Masanja, Msukuma aliyekuwa akichunga ng'ombe Mbingu miaka ile. Nilisikia amehamia upande wa Mlimba, basi. Mlimba ni kubwa na majani yake hayana mwisho, lakini nilifunga mzigo wangu.

KATINDIUKA HADI MBINGU

Niliondoka Jumanne, katikati ya Kwaresima, mvua ikiwa imeshika kweli. Pale Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, nilipata lori lililokuwa linapeleka chumvi na sabuni madukani huko juu. Dereva alikuwa mlokole, kijana mpole sana. Kabla ya kuwasha gari alitukusanya abiria wote, akatuombea. Aliomba kwa muda mrefu, akataja matairi, akataja injini, akataja madaraja na mito kwa majina yake. Mimi ni Mkatoliki, sala zetu ni fupi na tunazijua mwisho wake, lakini nikasema amina kwa moyo mmoja.

Kabla ya kufika mto Ruipa lori lilizama kwenye tope mpaka ekseli. Tukashuka. Dereva akazunguka gari, akatikisa kichwa, akaanza kukusanya watu tena tushikane mikono.

"Baba," nikamwambia, "sala yako ya asubuhi ilikuwa nzuri, sijaisahau. Koleo liko wapi?"

"Koleo hatuna, mama."

"Jeki?"

"Jeki iliazimwa."

"Sasa wewe unaingia njia ya Mbingu mwezi huu bila koleo wala jeki?"

"Tumetoka kwa imani, mama."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwuliza kama Mungu ndiye aliyeazima jeki yake. Abiria mmoja aliyekuwa na majembe mapya ya kuuza akafungua mzigo wake, nasi tukachimba kwa majembe yasiyo na mipini, tumeinama kama tunavuna karanga. Tulilala ndani ya lori, na tulipoamka tukaendelea kuchimba. Mama mmoja wa Kindamba aliyekuwa na kambale wa kukausha alituchomea juu ya kuni mbichi, tukala na mihogo, moshi ukitutoa machozi sote. Kusema kweli sijala samaki mtamu kama yule mwaka huu. Lori lilipotoka, dereva alisema Mungu ametenda. Nikamwambia ametenda, na amemtumia muuza majembe, kwa hiyo wewe nunua moja. Akanunua, tena akamshukuru.

Tuliingia Mbingu Jumatano. Nilishukia karibu na shamba makusudi, nikalitazama. Mpunga ulikuwa umesimama vizuri, kijani kimeiva, na ulikuwa mpunga wa Deogratias ndani ya udongo wangu. Moyo uliniuma kama siku ya msiba.

Deogratias alinikuta nimesimama pale. Watu wa huku tunajua adabu hata tukiwa tunashtakiana. Akaniambia, "Shikamoo shemeji," nikaitikia, akanikaribisha kwake, na sikukataa, maana nilikuwa na njaa. Mkewe alipika wali na mboga ya matembele, Kwaresima safi. Kabla ya kula Deogratias alisali. Akawaombea wale wanaokimbizana na mali za dunia, wajaliwe kurudi kwenye njia. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote mezani, akanitazama.

Tulipomaliza alinisindikiza nje. Akaniambia, safari hii bila sauti ya kanisani, "Shemeji, sikuchukii. Lakini shamba ni la ukoo. Kesho ukiolewa, litakwenda kwa watu nisiowajua. Baba yetu angelia."

"Baba yenu hakushika panga pale," nikasema. "Nilishika mimi, nikiwa na mimba ya Agata."

"Futa kesi, tukae kama ndugu. Mungu atakulipa."

"Mungu namdai mengi, hili sitamwongezea."

Akaniuliza naenda wapi na mzigo wote ule. Nikamwambia naenda kusalimia watu. Haikuwa uongo, na sikuona sababu ya kumtajia majina yao.

MBINGU HADI MLIMBA

Mama mmoja anayechoma ndizi kituoni ndiye aliyenipa habari ya Masanja. Alisema amehamia ng'ambo ya Mlimba, kwenye mbuga karibu na mto, na kwamba nikifika Mlimba niulizie Wasukuma wenye trela jekundu la kukokotwa na ng'ombe. Nikalala kwake, na Alhamisi asubuhi nikapanda treni.

Treni ilijaa mikungu ya ndizi, kuku, na watu waliokaa juu ya mikungu ya ndizi. Upande mmoja una milima ya Udzungwa, imeloa na kufungwa mawingu, upande wa pili bonde limelala tambarare mpaka macho yachoke. Nilipata nafasi dirishani, nikatoa rozari. Nilisali fungu la kwanza kwa ajili ya Anselmi, la pili kwa ajili ya watoto, la tatu nikamwombea Deogratias. Naliandika hili ili Mama Felista alisome. La nne nikaomba Masanja awe hai. La tano sikulimaliza, maana muuza mayai alikuja na nilikuwa sijanywa chai.

MLIMBA HADI KWA MASANJA

Mlimba nilipanda baiskeli ya kukodi mpaka njia ilipokwisha. Mwenye baiskeli akanionyesha moshi kwa mbali, akageuza. Nikavua viatu, nikaingia kwenye maji ya magotini na majani yanayokata. Nilimwaza Mama Felista wakati huo. Niliwaza namna anavyosema "mwachie Mungu" akiwa amekaa kwenye mkeka, miguu mikavu.

Nilipokaribia boma, niliona watu wengi: wanawake wanatwanga, watoto, mzee mmoja anatengeneza nira. Nilipofika karibu wakanitazama vizuri, na nilipojitambulisha, "Mimi ni mke wa Anselmi wa Mbingu, namtafuta Masanja," uani pakabaki mwanamke mmoja tu. Sijui wengine walipotelea wapi. Hata yule mzee wa nira hakuwepo.

Mwanamke yule alikuwa Minza, mke mkubwa wa Masanja. Alinisalimia, akanipa kigoda, akaniletea maji. Kisha akaniambia Masanja hayupo.

"Atarudi lini?"

"Hatujui. Amekwenda Shinyanga."

Ukutani mwa nyumba, nyuma ya Minza, ilikuwa imeegemezwa fimbo ya Masanja, ile yenye shaba kichwani, ambayo Mbingu nzima tuliijua. Msukuma mwenye ng'ombe hasafiri mpaka Shinyanga bila fimbo yake. Lakini nilikuwa mgeni, nikasema sawa, nitamngoja.

"Shinyanga ni mbali, mama."

"Na Katindiuka ni mbali. Nitangoja."

Minza akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Aliniletea matobolwa, yale viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikala nikasifu. Mwishowe akakaa mbele yangu, akasema kwa huzuni, "Mama, ng'ombe wengi walikufa. Hatuna cha kukulipa sasa hivi."

Ndipo nikaelewa. Wakati wakiishi Mbingu, kuna mwaka ambao ng'ombe wa Masanja waliingia kwenye mpunga wetu kabla haujavunwa. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilisimama barabarani nikamtukana Masanja mbele ya wakwe zake, nikaapa nitamfuata popote anilipe fidia. Anselmi alimaliza jambo lile na Masanja wakanywa pamoja, mimi nikasahau. Wao hawakusahau. Walikuwa wamemwona yule mwanamke mwenye mdomo akitokea majini, ameshika viatu mkononi, amekuja kutimiza kiapo chake.

Nilicheka mpaka nikalia. "Minza, sikuja kudai. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Masanja aje aseme kweli. Shemeji yangu amechukua shamba la Anselmi."

Minza akageuka, akaita kwa Kisukuma kwa sauti ya kawaida kabisa, na Masanja akatoka nyuma ya ghala la mtama, ambako alikuwa amekaa muda wote ule akisikiliza. Amezeeka kidogo, lakini bado ni mrefu wa kuinama mlangoni. Akanisalimia kama vile ndiyo kwanza anashuka kwenye basi la Shinyanga.

NYAMA YA IJUMAA

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na nilipoamka nikakuta mbuzi amechinjwa kwa ajili yangu.

Ninyi mnajua Ijumaa ya Kwaresima ni nini kwetu. Tangu utoto sijawahi kuonja nyama siku hiyo, hata nilipokuwa mgonjwa. Nilimwita Minza pembeni, nikamweleza kwamba dini yangu leo hainiruhusu nyama, nitakula ugali na maziwa.

Minza alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mimi nimeelewa. Mzee hatasema neno. Lakini mbuzi huyu ni wa yale maneno ya barabarani. Usipokula naye, atajua bado una jambo moyoni. Na mtu mwenye jambo na wewe huwezi kumfuata mahakamani kwake."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama peke yangu nikitazama ndama. Jumatatu ilikuwa imekaribia, na siwezi kumwambia mtu aliyenichinjia, "weka nyama mpaka kesho," huku njia ni ya siku nzima na zaidi. Nilimwambia Mungu mambo yalivyo, wazi, kama ninavyowaambia ninyi. Kisha nikanawa mikono, nikakaa na Masanja, nikala nyama mpaka nikaramba vidole.

Mmeshaniuliza kama nimeungama. Sijaungama. Naungama makosa, na lile sijaliona kuwa kosa. Padri akitaka kujua, aniulize mwenyewe, nitamweleza mbele ya altare.

Tulipokwisha kula Masanja akaanza kuongea. Alisema anaogopa mahakama. Mara ya mwisho alipoitwa kwenye ofisi yenye meza alitoka akiwa amepungukiwa na madume ya ng'ombe. Akaogopa pia kwamba akisimama dhidi ya Deogratias, wakulima wa Mbingu watasema Wasukuma wanagombanisha ndugu, na ng'ombe wake hawatakanyaga tena upande ule.

"Mimi sitaki umchukie shemeji," nikamwambia. "Nataka useme ulichokuwa ukifanya kila mwaka."

Alichokuwa akifanya kila mwaka kila mkulima wa bonde hili anakijua. Baada ya mavuno, mchungaji anayejiheshimu haingizi ng'ombe kwenye mabua ya mpunga wa mtu bila kuomba. Anakwenda kwa mwenye shamba, anaomba, anaruhusiwa, na maziwa yanafuata nyumba ile mpaka mabua yaishe. Kwa sababu hiyo mchungaji anajua mashamba kuliko sisi. Sisi tunajua la kwetu na la jirani, yeye anajua kila kipande ni cha nani, maana akikosea mlango wa kuomba, atatozwa.

"Niliomba kwa Anselmi," Masanja akasema. "Kila mwaka niliomba kwa Anselmi."

"Basi sema hivyo hivyo."

Minza, aliyekuwa anasugua chungu, akasema bila kuinua uso, "Amekuja kwa miguu kwenye maji. Wewe una miguu mirefu kumshinda." Masanja akainuka kuchukua fimbo yake.

KURUDI

Jumamosi tulitembea, Jumapili tulipanda treni. Ndiyo, Jumapili sikuwa kanisani. Nilisikia kengele za kanisa tukipita, nikafanya ishara ya msalaba, nikaendelea na safari.

Masanja alibeba kibuyu kikubwa cha maziwa, zawadi ya watoto wangu, na kila aliyemkanyaga, yeye Masanja ndiye aliyemwomba radhi. Katika behewa letu kulikuwa na mkulima mmoja aliyeanza kusema kwa sauti, hakumtaja mtu, lakini kila mtu alijua. Alisema kuna watu wameingia bonde hili na mifugo yao, wanamaliza mpunga wetu, na serikali inawatazama tu.

Maneno yale niliyafahamu, nimeyasema mimi mwenyewe kwa miaka. Ila siku ile yalinichoma. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, huyu mzee amekukosea nini?"

"Sijasema yeye, mama."

"Basi umseme aliyekukosea, ushuke ukamshtaki. Huyu anakwenda mahakamani kwa ajili yangu, na mimi ni mkulima kama wewe. Ndugu zangu wa damu na wa ubatizo wamenikimbia. Nimefuatwa na huyu."

Masanja aliangalia nje kana kwamba hajui Kiswahili. Baadaye kidogo mkulima yule akamega mkate wake, akatupatia vipande viwili, na tukala pamoja tukiongelea bei ya mbolea.

Tulipofika Mngeta treni ikasimama. Maji yalikuwa yamekula tuta la reli mbele, tukaambiwa tungoje. Watu wakatandika kanga. Kundi moja likaanza nyimbo za dini, nzuri sana, na mama mmoja akanivuta mkono tuimbe, Bwana atafungua njia. Niliimba ubeti mmoja. Kisha nikamwambia Masanja ainuke, tukatafute trekta.

Tulipata trela la trekta lililokuwa linakwenda Mbingu, tukasimama tumeshikana mabega na watu tusiowajua, matope yakiturukia mpaka masikioni. Mbingu hatukukawia. Na hapo, nisiposema nitakuwa mtovu wa fadhila, tulimkuta yule dereva mlokole anarudi Ifakara na lori lake tupu. Juu ya bodi alikuwa amefunga makoleo mawili, lile jembe, na jeki mpya yenye rangi nyekundu.

"Shikamoo mama," akaniambia anacheka. "Leo tutaomba kwa ufupi."

Akaomba kwa ufupi kweli. Tulizama pale pale, tukachimba, tukatoka.

JUMATATU

Tuliingia mahakamani tukiwa na tope hilo hilo. Deogratias alikuwa amekuja na watu wengi wa kanisa lake, wamevaa vizuri, na wamama wawili walikuwa na rozari mkononi. Na mimi nilikuwa nayo shingoni. Mama Felista pia alikuja, akakaa nyuma, na mpaka leo hajasema alikuja upande wa nani.

Masanja aliambiwa aache fimbo nje. Aliniomba kanga ya kuifunika isilowe mvua, ndipo akaiegemeza ukutani. Alipoulizwa dini ili aapishwe, akasema hana.

Deogratias akasimama. "Mheshimiwa, mtu asiye na dini ataapa kwa nini? Mimi nimeapa kwa kushika Kitabu."

Hakimu, mwanamke mmoja mtulivu mwenye miwani, akasema, "Yeye atathibitisha kuwa atasema kweli. Akisema uongo, jela ni ile ile moja."

Masanja akasema ya kwake, machache. Kwamba kila mwaka baada ya mavuno aliomba mabua kwa Anselmi, na kwamba maziwa alipeleka kwa Anselmi. Wazee wa baraza waliokaa na hakimu walitikisa vichwa kukubali, maana nao ni wakulima. Lakini niliona hakimu anaandika bila haraka, nikaogopa. Neno la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja.

Ikawa zamu ya Deogratias kumwuliza shahidi. Alijiamini, na nadhani lile alilolikumbuka alilikumbuka kwa kweli, ila alikumbuka nusu.

"Masanja," akasema, "mwaka ule wa kwanza ulipofika Mbingu, ulianzia kwa nani kuomba mabua ya shamba lile? Si ulikuja kwangu?"

"Nilikuja kwako," Masanja akakubali.

Watu wa kanisa wakanong'ona. Habari hiyo sikuwa nimeisikia kule mbugani.

Deogratias akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, amesema mwenyewe. Alikuja kuomba kwangu."

"Shahidi," hakimu akasema, "ulipokwenda kwake, alikujibu nini?"

Masanja akamtazama Deogratias, si kwa ubaya. "Aliniambia, hilo si langu, langu linaishia kwenye mfereji. Kamwombe kaka, usije ukanigombanisha naye. Akanionyesha nyumba. Mtoto wake alikuwa ananing'inia mgongoni kwake, nilimpa maziwa."

Hakimu akavua miwani. "Deogratias, ulisema hivyo?"

Angeweza kukana. Hakuna mwingine aliyekuwepo, na neno la kiongozi lingeshinda la mchungaji. Nilimwona akiangalia kile Kitabu juu ya meza, kile alichokuwa amekishika asubuhi, na mkono wake wa kulia ukaanza kujifuta kwenye suruali kana kwamba una tope.

"Nilisema," akajibu.

Hapo nilimheshimu, na ninamheshimu mpaka sasa. Imani yake ilikuwa ya kweli. Lakini iliamka pale tu ilipoulizwa swali mbele ya watu, na nani angemwuliza kama ningebaki kwenye mkeka wa jumuiya nikimwachia Mungu? Nilitoka nje nikalia, nimekumbatia fimbo ya Masanja.

BAADA YA MAVUNO

Shamba ni langu, mpaka ni mfereji. Mpunga uliokuwa umesimama nilimwachia Deogratias avune, maana jasho lilikuwa lake. Jumuiya ilisema huo ndio moyo wa Kikristo, wakafurahi, mpaka waliposikia kwamba hata hilo tulilikubaliana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Mama Felista alitikisa kichwa. Ila juzi mchana alikuja kwangu bila kuvaa kitenge cha jumuiya, akazungukazunguka kwa habari za watoto, mwisho akaniuliza, mtu akiuziwa kiwanja Viwanja Sitini na ndugu wa kanisani, aite mashahidi wa namna gani. Nikamweleza yote ninayoyajua. Sikumcheka, ingawa nilikuwa na haki ya kucheka.

Mwezi uliopita nilikuwa Mbingu nasafisha mfereji. Nikasikia kengele za ng'ombe, nikainua macho, nikamwona Masanja amesimama nje ya mpaka wangu, kofia mkononi. Kundi lake lilikuwa nyuma, limezuiwa. Alikuwa amepita mlango wa Deogratias bila kusimama.

"Mama Agata," akasema, "nimekuja kuomba mabua."

Tangu hukumu itolewe watu wengi wamenipongeza, lakini sikuwahi kuamini kwamba shamba ni langu mpaka alipofungua mdomo yule mzee. Ilibidi niiname kwanza ninawe uso kwa maji ya mfereji.

"Nimekupa," nikamwambia. "Ila ngoja kidogo, usiwaingize."

Nikavuka mfereji mpaka kwa Deogratias, nikamkuta anatengeneza baiskeli. Nikamwambia shemeji, njoo mara moja, kuna mtu ananiomba mabua na nataka uwepo. Akafuta mikono, akanifuata, akasimama pale mpakani, akamsikia Masanja akiniomba tena, na mimi nikimpa.